Aliye kileleni Mount Silver ni Red mwenyewe
Je, mpinzani anayekungoja kileleni mwa mlima Mount Silver katika Pokémon Gold na Silver, michezo ya video iliyotoka Japani mwaka 1999, ni Red kweli? Ndiyo, ni Red, yaani yule kijana uliyemwongoza katika michezo ya kwanza ya mwaka 1996, wala si mtu aliyefananishwa naye tu. Mbali na jina lake, ushahidi umo katika kikosi chake: kati ya Pokémon wake, yaani viumbe anaopigana nao, anao Venusaur, Charizard na Blastoise, ambao ni wale watatu uliotakiwa kuchagua mmoja wao mwanzoni, sasa wakiwa wamekomaa, pamoja na Snorlax, ambaye zamani alilala njiani akakuzuia usipite. Pikachu wake wa ngazi ya 81 anakumbusha toleo la Yellow la mwaka 1998, ambamo ulianza safari na Pikachu. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hasemi neno. Kisanduku cha mazungumzo kinaonyesha nukta tupu, naye anabaki kimya kama alivyokuwa kimya siku zote ulipokuwa ukimwongoza wewe. Angalizo ni kwamba katika matoleo yaliyoundwa upya mwaka 2009, HeartGold na SoulSilver, nafasi ya Espeon, Pokémon wake wa sita katika Gold na Silver, imechukuliwa na Lapras.