Wagonjwa Wengi Hawako Wodini

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi wa udaktari wa miaka ya mwisho, waliopangiwa mafunzo kwa vitendo nje ya hospitali kubwa.

Nimepangiwa kituo cha afya mwezi mzima, wenzangu wamebaki hospitali ya rufaa. Si nitaachwa nyuma kwenye mtihani?

Naulizwa hili kila muhula, na jibu ni lile lile: hapana. Mwaka 1961 daktari na mtafiti Kerr White na wenzake, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, walikadiria kuwa kati ya watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja 750 hivi huugua au kuumia, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hupelekwa hospitali ya chuo kikuu. Huyo mmoja ndiye mnayemgombania mkiwa mmebanana kitandani pake. Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilianza mwaka 1997 kuwapeleka baadhi ya wanafunzi mwaka mzima kwa madaktari wa familia vijijini, na kwenye mitihani waliwapita wenzao waliobaki hospitali kuu. Ukiachwa nyuma, itakuwa ni kwa kukaa pembeni ukisubiri kuitwa.

Daftari la kesi, tunamojaza wagonjwa tuliowaona, linadai vitu ambavyo hapa havipo. Naweza kunakili vya mwenzangu?

Huko ni kughushi. Mwandikie mratibu wa mafunzo wiki ya kwanza, usingoje ya mwisho.

Kutembelea wagonjwa majumbani si kazi ya muuguzi?

Basi mfuate huyo muuguzi, tena ukiwa na adabu. Nilipokuwa mwanafunzi nilimfuata mmoja hadi kwa mama ambaye presha yake ilikataa kushuka. Kliniki tulikuwa tumemwongezea dawa mara mbili. Muuguzi hakuanza na mashine ya kupimia; aliomba kuziona dawa. Mama akaleta kopo moja, vidonge vya aina tatu vimechanganywa humo. Macho yalikuwa yamefifia, akivitenganisha kwa kupapasa, na viwili vililingana ukubwa. Kumbe kimoja alikuwa akikimeza mara mbili na kingine hakimezi kabisa. Faili lake lilikuwa nene, na hakuna ukurasa uliotaja macho wala kopo.

Msimamizi huniachia chumba nione wagonjwa peke yangu. Wananiita daktari. Nafurahia uzoefu.

Acha leo hii. Jitambulishe kuwa mwanafunzi kwa kila mgonjwa, hata kama foleni ni ndefu, na asiondoke na dawa uliyoiandika wewe kabla msimamizi hajamwona. Uhaba wa watumishi haukupi leseni. Akiendelea kukuachia chumba, toa taarifa chuoni kwa maandishi. Nanyi vyuo, mnaopeleka vijana kisha hampigi hata simu, mgonjwa akidhurika nanyi mna mkono.

Nichague kituo kipi?

Chenye msimamizi anayekaa na kukutazama ukimpima mgonjwa, halafu akakwambia ulipokosea. Ukubwa wa jengo usikushughulishe.