Kwa anayeanza kuandika riwaya ya kuchekesha kuhusu ufalme wa vampaya

Andika sheria za ufalme kabla ya kuandika utani. Miswada mingi ya waandishi chipukizi ninayoipitia ina sura mbili za mwanzo zinazochekesha kweli, kisha ya tatu inapwaya, kwa sababu malkia anarusha vijembe tu na hakuna kinachombana. Msomaji hucheka pale mwenye cheo kikubwa anapokwama kwenye kanuni ndogo asiyoweza kuikwepa.

Chukua ile kanuni kwamba vampaya haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Wengi huitaja mara moja wakaisahau. Mimi ningeijengea sura nzima. Malkia katawazwa jana, leo yuko mlangoni kwa raia wake kudai kodi, mvua inanyesha, mlinzi kashika mwavuli, na ndani yupo mtoto mdogo peke yake:

– Hodi!
– Mama hayupo.
– Mimi ni malkia wako.
– Mama kasema nisimkaribishe mtu.

Hapo usiongeze kitu. Mtoto kasema kweli, malkia ana haki yake, na mlango uko wazi kabisa. Mwandishi mwenye haraka angempa mlinzi neno la kuchekesha. Mwache anyamaze, ashike mwavuli.

Halafu soma historia, maana humo mna mali. Vampaya hakuanza kama bwana mkubwa. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, eneo lililokuwa chini ya Austria wakati huo, watu walimfukua mwanakijiji mwenzao marehemu, Petar Blagojević, wakimtuhumu kuwaua majirani usiku. Ofisa wa serikali aliyekuwapo aliandika kwamba mwili haukuwa umeoza, na mdomoni mlikuwa na damu mbichi. Hapakuwa na joho wala kasri. Mambo hayo yaliendelea sehemu mbalimbali za dola ile hadi mwaka 1755, mtawala wake, Maria Theresa, alipomtaka daktari wake, Gerard van Swieten, alichunguze suala hilo. Daktari akasema ni ushirikina mtupu, na mtawala akapiga marufuku ufukuaji wa makaburi.

Ubwana ulikuja mwaka 1819, pale ilipochapishwa hadithi ya John Polidori, aliyewahi kuwa daktari wa mshairi Lord Byron, ambayo vampaya wake ni lodi wa Kiingereza. Hata jua kumwua vampaya ni jambo la juzi tu. Dracula, vampaya wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, anatembea mchana ingawa nguvu zake hupungua. Aliyeteketezwa na mwanga wa jua ni yule wa filamu ya Kijerumani ya 1922, *Nosferatu*. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kuna kanuni ambazo huruhusiwi kuzigusa. Zote ziliwekwa na waandishi na wasimulizi. Ukiamua jua haliui, sawa, lakini ukishaamua usibadilishe ukurasa wa mia mbili ili kumwokoa shujaa wako.

Sasa ona historia hiyo inavyokupa kichekesho cha bure. Katika baraza la mfalme, wazee ni wakulima wa Serbia, na malodi ni watoto wa juzi. Nani amwamkie nani? Lodi mwenye nishani kifuani anatakiwa kumpa shikamoo mchunga mbuzi aliyemtangulia kaburini kwa miaka mia moja. Na yule binti aliyekufa akiwa na miaka kumi na sita, karne nne zilizopita, anaamkiwa na baraza zima. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kila siku anapima umri wa mtu kabla hajafungua kinywa.

Urithi wa kiti nao usiupuuze. Mfalme asiyekufa ana mrithi asiyerithi.

Kwa wanaotaka kuileta hadithi Afrika Mashariki, nina ombi. Mumiani, yule mnyonya damu wa masimulizi yetu, asiingizwe ikulu ili watu wacheke tu. Enzi za ukoloni, hofu ya wazimamoto wanaokamata watu na kuwatoa damu ilikuwa hofu ya watu wenye mamlaka, magari na vifaa ambavyo raia hakuvielewa. Uvumi wa wanyonya damu haujaisha: mwaka 2017 huko Malawi watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa kutuhumiwa hivyo. Ukitaka kumtumia mumiani, mpe nafasi anayostahili. Labda raia wanamwogopa mtoza ushuru wa mfalme, na wana sababu. Anayechekwa awe mwenye taji, si mwanakijiji anayelala na panga mlangoni.

Mwisho ni kiu. Hapa ndipo riwaya nyingi za namna hii zinapoharibika, na inaniuma kwa sababu mara nyingi mwandishi ana kipaji. Kwa kuogopa kumtisha msomaji, anawanywesha vampaya wake juisi ya nyanya, na tangu hapo hakuna kinachoweza kupotea. Kiu iwe ya kweli. Sura ya kwanza ituambie damu inatoka wapi, nani anaitoa, analipwa nini, na nani anaiandika kwenye daftari la ikulu. Malkia akiwa na njaa pale mlangoni, kila jibu la yule mtoto lina uzito. Anasikia mapigo ya moyo wake, na anangoja akaribishwe.