Kuipanga upya reli ya mfano: niliiacha Moshi nikabaki na Mombo

Kwa miaka miwili nilikuwa na reli ya mfano iliyonipa kazi nyingi na raha kidogo. Nilitaka kuionyesha njia nzima ya Tanga hadi Moshi juu ya plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, kwa hiyo niliweka bandari pembeni, Korogwe katikati, mlima wa plasta upande wa pili, na duara la reli lililoviunganisha vyote. Siku moja mzee wa mtaani kwetu, ambaye alistaafu kazi ya kukarabati njia, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, treni yako imepita Korogwe mara kumi na hakuna aliyeshuka." Nilicheka, lakini wiki ileile nilianza kung'oa reli.

Kabla ya kuchora chochote, piga hesabu. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, ambazo kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, zinahitaji zaidi ya kilomita 4 za reli ya mfano. Ukishaiona tarakimu hiyo utaacha kujiuliza namna ya kuibana njia yote, na utaanza kutafuta kituo kimoja ambacho treni ina kazi ya kufanya. Mimi nilichagua Mombo, ambako reli ilifika mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, kwa sababu barabara ya kupanda Lushoto inaanzia hapo, na kwa hiyo abiria ana sababu ya kushuka na mzigo una sababu ya kupakiwa. Milima ya Usambara nimeichora kwenye ubao mwembamba wa nyuma, nayo haili hata sentimita tano za meza.

Urefu wa stesheni usiukadirie kwa macho. Kichwa changu cha dizeli kina sentimita 16 na kila behewa la mizigo lina 14, hivyo treni ya mabehewa manne inafika sentimita 72, na njia ya kupishana ni lazima iwe na angalau 80 zilizo wazi kati ya pointi na pointi, yaani pale njia zinapogawanyika. Mchoro wangu wa zamani ulikuwa na 55 tu, na ndiyo maana treni mbili hazikuwahi kupishana. Moja ilikuwa ikiacha mkia kwenye pointi kila mara. Sasa nina njia kuu, njia ya kupishana na njia moja fupi ya kupakia mizigo, basi. Kila upande treni hupotea nyuma ya miembe na kuingia kwenye ubao wenye reli ambao ninaunyanyua kwa mikono, ninaugeuza, na treni ileile inarudi kana kwamba imetoka Moshi.

Reli yetu ya Tanga ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, ambayo kwa skeli ya 1:87 inakuwa milimita 11.5, na reli za milimita 12 zinatosha kabisa. Zile za bei nafuu, hata hivyo, hutengenezwa kwa ajili ya skeli ya 1:120, na mataruma yake, yaani vipande vya kulalia reli, yamebanana mno. Nilichukua wembe nikakata vipande vya plastiki vinavyoyashikilia kwa chini, nikayasogeza moja moja mpaka yakaachana kwa milimita 8, kisha nikayapaka rangi ya kutu, maana mataruma mengi ya njia zetu ni ya chuma. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo, hakuna badiliko lingine lililoifanya ifanane na reli ya kwetu kuliko hilo.

Kokoto nilizipata kwa kuchekecha mchanga wa mto kwa chujio la chai, na nilizigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, nikiidondosha kwa bomba la sindano. Epuka mchanga wa baharini, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu. Sisi wa pwani tuna unyevu wa kutosha hewani. Plaiwudi yangu ya kwanza ilijikunja kwa sababu niliipaka rangi upande wa juu tu, na mbao mpya nimezipaka pande zote pamoja na kingo.

Mkonge ndio ulionisumbua zaidi. Mmea mmoja wa mita moja na nusu unakuwa na milimita 17, nami nilikata majani yake kwenye karatasi ngumu, nikatengeneza mimea 40 kabla ya kuchoka. Singa zinazoanikwa juani ni katani halisi, niliyoifumua kutoka kwenye kipande cha kamba na kuichana kwa mswaki wa zamani.

Mzee alipokuja tena alikaa upande wa kuelekea Korogwe, akazuia treni ya mizigo kwa kiganja, na hakuiachia mpaka nilipomwambia kwamba njia iko wazi.