Swali la lugha: mtawa lazima awe sista?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sanaa wa sekondari moja huko Iringa. Ameprinti picha tatu za Mikhail Nesterov, yule mchoraji Mrusi aliyechora sana maisha ya watawa wa Kiothodoksi, anataka kuzibandika darasani na chini ya kila moja aweke maelezo ya Kiswahili. Amekwama kwenye ile ya mzee anayetembea kando ya ziwa. Yeye kaandika "mtawa", wenzake ofisini wakamwambia hapana, mtawa ni sista, mwanaume ni bruda, mwingine akasema andika mmonaki, mwingine mkaapweke. Alafu anauliza pia, Nesterov "amechora" au "amepaka"?

Marahaba mwalimu, na kamwene. Usifute. Mtawa ni sahihi kabisa hata kama ana ndevu mpaka kifuani.

Naelewa wenzako wameitoa wapi hiyo hoja, huku kwetu kuanzia Mbeya mpaka Njombe ukisema mtawa mtu anamuona sista, yule wa Tosamaganga au wa Imiliwaha, kwasababu ndo tuliokua tunawaona, wametufundisha shule, wametuchoma sindano, sasa neno limeganda hapo. Lakini neno lenyewe halisemi mwanamke wala mwanaume. Limetoka kwenye kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani, kujitenga usionekane ovyo na watu. Pwani zamani walikuwa wanalisema sana kwa wanawake wa nyumba za heshima, fulani ametawa, maana yake huwezi kumkuta anazurura barabarani, na mcha Mungu aliyejitenga na mambo ya dunia naye akawa mtawa. Wakristo walilikuta limeshaiva wakalichukua. Mi napenda sana safari ya neno hili, limetoka kwenye nyumba za Waislamu wa pwani likafika mpaka kwenye konventi za nyanda za juu, na sasa we unataka kulipeleka Urusi, na linafika bila shida yoyote.

Bruda achana naye kabisa. Bruda kwetu ni mtu wa shirika la Kikatoliki ambaye sio padri, na Waothodoksi hawana mashirika ya namna hiyo, mtawa wao ni mtawa tu, na wengine ni mapadri hapohapo. Mmonaki ni neno zuri, limetoka kwenye Kigiriki na ndani yake kuna maana ya mtu aliye peke yake, utalikuta kwenye maandishi ya kanisa, lakini mwanafunzi wa form two atakuuliza mmonaki ndo nini na utajibu "ni mtawa", sasa si bora uanze na hilo hilo? Mahali wanapoishi andika monasteri. Abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abati, waachie Peramiho, ina abati wake na utaratibu wake wa Kibenediktini.

Sasa tuje kwa huyo mzee mwenyewe, maana hapa ndo pana kazi. Iangalie picha vizuri mwalimu. Mzee kavaa nguo nyeusi, anatembea taratibu na fimbo yake, pembeni maji yametulia kabisa, majani yameshakauka, theluji imeanza kushika chini. Hayuko ndani, hana ukuta, hana mlango wa kufunga. Kwahiyo ukisema mtawa tupu umesema kweli ila hujamaliza, kwasababu huyu amejitenga hata na watawa wenzake. Aliyekwambia mkaapweke hajakosea, ni neno la kanisa na linaeleweka huko, lakini mi nalo nina shida kidogo. Mtu wa kawaida akisikia upweke anasikia huzuni, anamuona mzee ambaye watoto wamehamia Dar hawapigi hata simu. Sura ya huyu haina huzuni hiyo, karibu anatabasamu.

Jina la picha kwa Kirusi ni Pustynnik, na neno hilo limejengwa juu ya neno lao la jangwa, kwasababu watawa wa kwanza walikuwa Misri, akina Antoni, karne ya 3, wakaenda kuishi jangwani kweli. Urusi hakuna jangwa la hivyo kwahiyo msitu ndo ukawa jangwa lao. Na Kiswahili kina neno linalobeba yote mawili, nyika. Nyika sio mchanga mtupu, ni mahali pasipokaliwa na watu, na kila aliyesoma Biblia analijua, "sauti ya mtu aliaye nyikani". Ningekuwa mimi ningeandika Mtawa wa nyikani. Mwanafunzi anaelewa, mchungaji anaelewa, na huyo mzee hajaonewa.

Ile ya wasichana wanaotembea kwa maandamano na mishumaa, ya 1898, nimeona kwenye rasimu yako umeandika "Kuvaa shela". Hapana mwalimu, hilo litoe. Shela kwetu ni ya bibi harusi, darasa zima litasubiri bwana harusi atokee. Kwa Kirusi jina linataja kukatwa nywele, ndo alama ya kuingia utawani, lakini nayo ukiitafsiri ikakaa "Kunyolewa" watu watawaza msiba. Sisi tunacho chetu tayari, kuweka nadhiri. Andika Siku ya kuweka nadhiri, alafu kwenye maelezo ndo uwaambie habari ya nywele.

Ya tatu, yule mvulana aliyekwenda kutafuta farasi waliopotea akakutana na mtawa chini ya mti, sina la kurekebisha ila moja. Umehangaika kutafuta jina la yule mtawa wa chini ya mti, ukaweka "kiongozi wa kiroho". Wagiriki na Warusi wenyewe wanamwita kwa neno ambalo maana yake ni mzee. Na sisi tunaye mzee, wa umri na wa heshima kwa pamoja! Mwite mzee.

Kuchora au kupaka. Amechora. Kupaka ni kazi ya fundi rangi kwenye ukuta wa nyumba. Zamani kuchora kulikuwa pia kutia nakshi, kuchonga kwenye mbao, kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya 1939 bado inayo maana hiyo, lakini saivi kuchora ni kwa penseli na kwa brashi vilevile. Kuna wanaosema ikoni, ile picha takatifu ya Waothodoksi, "inaandikwa", wameiga Kigiriki na Kirusi ambako kitenzi kimoja kinabeba kuandika na kuchora, ila kwetu ukisema picha imeandikwa mtu ataanza kutafuta herufi. Na tukiwa kwenye ikoni, kama utawapeleka wanafunzi kanisa la Othodoksi walilotuachia Wagiriki waliokuwa wanalima tumbaku huko Iringa, tafadhali usiziite sanamu. Sanamu kwa Mkristo wa Kiswahili ni "usijifanyie sanamu ya kuchonga", utakuwa umeshawahukumu wenzetu kabla ya kuingia mlangoni. Ni ikoni, ikoni hii, ikoni hizi.

La mwisho dogo, "rangi ya mafuta juu ya turubai". Turubai la kwetu linafunika lori la mbao kutoka Mafinga. Wachoraji wanasema kanvasi, fuata wao. Kwahiyo ile ya kwanza isomeke hivi:

Mtawa wa nyikani. Mikhail Nesterov, 1888–1889. Rangi ya mafuta kwenye kanvasi.