Usilipe kianzio cha fulana za "Mabingwa 2024"

Usimpe huyo mchapaji hela. Kama hujatuma kianzio, iache hiyo pesa kwenye simu yako. Na kama mkopo wa SACCO haujatoka, kesho asubuhi nenda ukaufute.

Umesema kwa kuwa jana, 28 Aprili 2024, sisi Arsenal tumewapiga Tottenham 3-2 kwao, kombe la Ligi Kuu ya Uingereza ni letu, maana 1971 na 2004 tuliutwaa ubingwa hapo hapo kwao White Hart Lane. Umesema mchapaji wa Nasser Road, Kampala, anataka nusu ya pesa wiki hii ili mzigo ufike Tororo kabla ya mechi ya mwisho. Ukauliza pia habari ya msafara wa magari wa kushangilia. Naanza na fulana, kwa sababu hayo maneno uliyoambiwa na huyo mchapaji nimeyasikia mimi, karibu neno kwa neno.

Januari 2023. Tuliwafunga Tottenham 2-0 kwao, wiki iliyofuata tukawafunga Manchester United 3-2 Emirates, uwanja wetu, Nketiah akimalizia dakika ya 90. Hapa Busia watu walitoka vibandani wakaziba barabara, boda zikipiga honi mpaka upande wa Kenya. Tulikuwa na pointi 50 kwa mechi 19, Manchester City 45 kwa mechi 20. Tano mbele, na kiporo juu yake, yaani mechi moja ambayo hatujaicheza. Kuna mtangazaji mmoja wa redio aliyesema kesho yake asubuhi kwamba ligi imekwisha, kilichobaki ni kukabidhiana kombe. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu na chama cha soka cha Uingereza. Mpaka leo anatangaza, na sijamsikia akiwaomba radhi waliomsikiliza.

Mchapaji akanipigia mchana wa siku hiyo hiyo. "Kaka, Mei mashine zitajaa, bei itapanda, wenzako wa Mbale wameshalipa." Akataka yote, si nusu, akisema vitambaa vyekundu vinakwisha soko la Kikuubo. Nikamwuliza: tusipochukua je? Akacheka, akasema mimi si shabiki wa kweli. Hilo ndilo lililonitoa pesa. Nilidhani mwenzangu anashabikia Arsenal, kumbe anashabikia malipo ya mapema. Kwake kombe likienda London au Manchester ni sawa, yeye ameshalipwa.

Sasa tazama kilichofuata baada ya zile honi. Everton, waliokuwa wanapigania kutoshuka daraja, wakatufunga 1-0 kwa kichwa cha Tarkowski. Brentford sare 1-1 nyumbani. City wakaja Emirates wakatupiga 3-1. Mechi tatu, pointi moja. Tukainuka, ndiyo. Mwanzoni mwa Aprili tulikuwa nane mbele, ingawa City walikuwa na mechi moja ya akiba, na mimi nikaendelea kuusubiri mzigo wangu. Lakini beki wetu Saliba alikuwa ameshaumia Machi kwenye mechi ya Sporting ya Ligi ya Europa, na ile ngome haikurudi tena kuwa ile. Anfield, kwa Liverpool, tukaongoza 2-0, ikaisha 2-2. West Ham tukaongoza 2-0, Saka akakosa penalti, ikaisha 2-2. Southampton, timu ya mkiani, wakatushika 3-3 nyumbani kwetu. Halafu Etihad, kwa City, tukala nne kwa moja. Mei Brighton wakatufunga tatu, na tarehe 20 Nottingham Forest wakatufunga moja, City wakawa mabingwa hata bila kuingia uwanjani siku hiyo. Siku 248 kileleni, na hakuna timu nyingine Uingereza iliyowahi kuongoza muda mrefu hivyo ikakosa kombe. City wakamaliza na 89, sisi 84.

Mzigo wangu uliingia Busia wiki ile ya Southampton, umefungwa vizuri kwenye magunia. Fulana nyekundu, kombe la dhahabu kifuani, chini yake tarakimu kubwa: 2023. Na tatizo ni hizo tarakimu nne. Fulana ya Arsenal tu ingeuzika, kama si Mei basi Agosti ligi ikianza upya. Lakini nani atavaa mwaka ambao wote wanajua tulishindwa? Mashabiki wa United walikuja dukani kununua moja moja ili wakawavishe wenzao kwa kuwacheka. Nilikataa kuwauzia mwanzoni, mwezi wa sita nikawauzia. Wino wa dhahabu ulianza kubanduka ulipofuliwa mara ya kwanza, na ninapomwambia mchapaji hilo ananijibu kwamba fulana za sherehe ni za kuvaliwa siku moja. Nyingine zinaosha pikipiki kwenye stendi ya boda hapa hapa, nakutana nazo kila asubuhi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu, na nitairudia mpaka uchoke: shilingi haitoki mpaka hesabu ifunge. Hesabu kufunga maana yake hakuna timu nyingine inayoweza kutufikia, hata ikishinda zote. Si "hawawezi kushinda zote", wala si "tuko vizuri".

Fanya hiyo hesabu sasa. Baada ya mechi za jana tuna pointi 80 kwa mechi 35. Saa kumi jioni tulipoanza na Tottenham kila mtu alikuwa anaangalia sisi, lakini saa kumi na mbili na nusu City walianza na Forest, na walipomaliza 2-0, mabao ya Gvardiol na Haaland, wengi mlikuwa barabarani mnaimba. Wana 79 kwa mechi 34. Wakishinda nne zilizobaki wanafika 91. Sisi tukishinda zote tatu, Bournemouth, United kwao, Everton nyumbani, tunaishia 89. Umeona? Kuongoza ligi kwetu ni kwa kuwa wao wana kiporo. Wakitoa sare hata moja na sisi tukashinda zetu, tofauti ya mabao inatubeba, hapo nakubaliana nawe kabisa. Lakini hawa ndio walioshinda mechi 14 mfululizo kumaliza msimu wa 2019, Liverpool wakapata pointi 97 na bado wakawa wa pili. Usiniambie watachoka.

Na hiyo derby yenyewe, mechi ya jana na watani wetu Tottenham, uliiangalia vizuri? Kufikia mapumziko tulikuwa 3-0: Højbjerg kajifunga, Saka, Havertz. Halafu kipa wetu Raya akampa Romero wa Tottenham mpira mguuni, akafunga, mwenzake Son akafunga penalti dakika ya 87, na tukamaliza tukiokoa mipira kwa vichwa. Nimefurahi mpaka sauti imekauka, kuwafunga wale kwao ni raha isiyo na mfano. Lakini ni pointi tatu. Zile tatu tulizoziacha kwa Aston Villa tarehe 14 mwezi huu, 2-0 nyumbani kwetu, zina uzito ule ule, na ndizo zilizowapa City njia.

Jambo jingine ambalo hamtaki kulisikia: tarehe 14 Mei City wanakwenda kwa Tottenham. Watu uliokuwa unawatukana jana ndio tunaowahitaji watusaidie, na mashabiki wao wengi wangependa wafungwe kuliko sisi tubebe kombe. Hapo ndipo unataka kuweka mkopo wa SACCO?

Msafara: Januari ile ile ya 2023 polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki wetu kadhaa waliotembea na kombe la mfano kushangilia ushindi dhidi ya United bila kutoa taarifa. Ongea na kituo cha polisi mapema. Basi, siongezi.

Kama lazima uchape kitu wiki hii, chapa jana. "Tottenham 2-3 Arsenal, 28 Aprili 2024", chache, za pesa yako mwenyewe. Hiyo imeshatokea, hakuna Haaland wa kuifuta, na shabiki wa Tororo atainunua hata tukimaliza wa pili. Neno "Mabingwa" liache. Mechi za mwisho ni Jumapili tarehe 19 Mei, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Zikiisha na tukiwa juu, mpigie mchapaji usiku ule ule. Akikuambia mashine zimejaa, nitafute mimi, namjua mwingine Mbale anayechapa usiku kucha na hachukui pesa kabla hujaona fulana ya kwanza.