Mwekezaji Akija, Ujuzi Unabaki kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, wadogo zangu wawili wanafanya kazi katika kiwanda cha nguo cha mwekezaji wa kigeni. Mwaka wa pili sasa wanashona mifuko ya mashati tu, asubuhi hadi jioni. Tunaambiwa wawekezaji wanatuletea teknolojia, inapitia wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hupitia kwa watu, na kisa cha Bangladesh kinaonyesha hivyo waziwazi. Mwaka 1979 Noorul Quader, aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya kuanzisha kiwanda cha Desh mjini Chittagong, alipeleka wafanyakazi 130 katika kiwanda cha Daewoo huko Busan, Korea Kusini, ambako kwa takriban miezi 6 walijifunza kushona, kupanga laini ya uzalishaji, kukagua ubora na hata kutafuta wanunuzi wa nje. Daewoo hawakufanya hisani: nguo za Korea zilikuwa zimewekewa ukomo katika masoko ya Marekani na Ulaya, nao walihitaji nchi ambayo haijabanwa. Kwa kweli hawakuwekeza hata mtaji. Walilipwa sehemu ya mauzo.

Kufikia 1987, watu 115 kati ya wale 130 walikuwa wameondoka Desh, wengine wakiajiriwa na washindani wake, wengine wakifungua viwanda vyao wenyewe. Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa hasara, lakini nchi ilipata sekta nzima, na leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani.

Mambo hayaendi hivyo kila mahali. Utafiti wa wachumi Aitken na Harrison kuhusu Venezuela, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba tija ya viwanda vya wazawa ilishuka pale wageni walipoingia katika sekta yao, kwa kuwa waliwanyang'anya wateja. Nchini Lithuania, mchumi Javorcik alionyesha mwaka 2004 kuwa walionufaika ni wale wanaowauzia wageni malighafi na vipuri.

Anayeshona mfuko peke yake hawezi kuondoka na kiwanda kichwani. Kwa hiyo waulize wadogo zako nani anapanga vipande kwenye meza ya kukatia, kama kuna mzawa aliyepewa usimamizi wa laini, na vifungo, nyuzi na maboksi vinatoka mji gani.