Baba ameandikiwa altrasaundi ya tezi dume: ajitayarishe vipi?

Ndugu, umeuliza kama kipimo cha baba, yaani picha ya mawimbi ya sauti ya tezi iliyo chini ya kibofu, kitamuuma. Kwanza tazama karatasi ya daktari, maana viko viwili.

Cha juu ya tumbo chataka kibofu kilichojaa: glasi 3 au 4 za maji saa moja kabla ya kipimo, na asikojoe. Mkitoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa, asinywe mpaka mvuke feri. Foleni haina huruma na mzee. Baadaye atakojoa, apimwe tena kuona mkojo uliobaki.

Cha njia ya haja kubwa ndicho wazee hukionea haya. Hulala ubavu, magoti yakikunjwa kifuani. Kifaa chenye unene wa kidole hivi, kilichovishwa kondomu na kupakwa jeli, huingizwa polepole. Atahisi kubanwa tu. Akikaza misuli ndipo huuma, basi avute pumzi. Choo kikiwepo picha huharibika, ndiyo maana wengine hupewa dawa ya kusafisha haja kabla.

Altrasaundi peke yake haithibitishi saratani. Wakitaka kukata vinyama vya kupima, ataje mapema dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini, asiziache kwa shauri lake. Akipata homa au kutetemeka baada ya kukatwa vinyama, hospitali usiku huohuo.